Kamera Kubwa Haimjui Shangazi

Katika kamati za harusi za Kitale na Bungoma kuna imani moja isiyojadiliwa kwa sababu karibu kila mtu huiona kuwa kweli: picha nzuri ni kamera, na kamera ni pesa. Imani hiyo hujitokeza bajeti inaposomwa. Hutajwa hema na viti, ng'ombe wa kuchinjwa, keki, magari na mapambo, kisha inafika zamu ya picha na video, na swali linaloulizwa ni moja tu, mpiga picha ana kamera gani. Akipendekezwa mwenye lenzi ndefu na droni, kikao huridhika hapo hapo. Akipendekezwa binamu wa bibi harusi, ambaye ukoo mzima unajua kwamba ana jicho zuri lakini chombo chake ni simu, mwenyekiti hutabasamu na kusogea kwenye ajenda nyingine. Familia isiyoweza kufikia makumi ya maelfu ya shilingi yanayotakiwa huachwa izidishe michango na madeni, au ikubali kwamba harusi ya mtoto wao haitakuwa na picha za maana. Ninaipinga imani hiyo tangu msingi wake. Mtu asiye na mafunzo rasmi, mwenye simu ya kawaida, anaweza kuiachia familia picha zitakazotunzwa na wajukuu. Kinachomwezesha hakiuzwi dukani: kulielewa jua la huku kwetu, kujua pa kusimama na, zaidi ya yote, kuwajua watu anaowapiga picha.

Tuanze na jua, kwa kuwa linaharibu picha nyingi kuliko kamera mbovu. Kitale iko takriban digrii moja kaskazini mwa ikweta, na Bungoma kama nusu digrii. Huku jua hufika kileleni takriban kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, likitegemea mwezi. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba huwa utosini hasa. Hata Desemba, mwezi wa harusi nyingi kwa kuwa mvua imepungua na watu wamerudi nyumbani kutoka mijini, bado huwa juu kiasi cha digrii 65. Mwanga unaoshuka namna hiyo hupiga paji la uso, ncha ya pua na mashavu, ukaacha macho ndani ya vivuli vizito na kutia kivuli kingine chini ya kidevu. Sasa tazama ratiba zetu. Ibada iliyoandikwa saa nne huanza saa tano, maharusi hutoka kanisani saa saba, na papo hapo familia hupangwa uani, juani, ili picha ziishe kabla ya chakula. Ni saa mbaya kuliko zote za mchana. Kamera ya laki tatu ikielekezwa kwenye uso uliopigwa na jua la saa saba itayaonyesha mashimo ya macho kwa undani zaidi, na hakuna litakaloongezeka hapo. Jua letu huchwa takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na kwa kuwa karibu na ikweta hushuka wima, kiasi cha digrii 15 kwa saa, kuanzia saa kumi na nusu huwa limeteremka hadi karibu digrii 30 au chini zaidi. Mwanga wake huja ubavuni, huingia machoni, huipa ngozi rangi ya joto na kuonyesha mshono wa gauni na nakshi za kitenge. Anayesogeza picha za familia kutoka saa saba hadi saa kumi na moja amezifaa kuliko lenzi yoyote iliyowahi kuletwa harusini. Na ni nani mwenye uwezo wa kuzisogeza? Mpiga picha wa kukodiwa hukabidhiwa ratiba iliyokwisha kuchapishwa. Binamu mwenye simu anaketi katika kamati inayoiandika.

Ratiba ikigoma kusogezwa, kipo kivuli. Ukuta wa kanisa upande usio na jua, baraza la nyumba, mwembe au mparachichi wenye majani mazito, yote haya hutoa mwanga laini ikiwa wanaopigwa picha watasimama karibu na ukingo wa kivuli wakitazama nje, kule anga lilipo wazi. Hatua mbili tatu kutoka ndani ya kivuli kuja ukingoni hubadilisha uso mzima. Mawingu nayo yanaogopwa bila sababu. Kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Novemba, mawingu hujikusanya alasiri juu ya Mlima Elgon na juu ya Cherangani, na waandalizi wa harusi huyatazama kwa hofu wakifikiria matope. Kwa mpiga picha, anga lililofunikwa ni baraka: mwanga hutawanyika, vivuli hutoweka usoni, gauni jeupe haling'ai kupita kiasi, na mtu anaweza kusimama popote. Hata zile sehemu ambazo maharusi hupelekwa kwa ajili ya mandhari zinadai uelewa huu huu. Msitu wa asili ulio nyuma ya Makumbusho ya Kitale unapendeza kwa macho, lakini saa za mchana jua hupenya kati ya majani na kumwaga madoa ya mwanga juu ya gauni na nyuso, hata mtu akaonekana ana mabaka. Pale inafaa kusimama pembezoni mwa miti. Kwenye maporomoko ya Nabuyole, karibu na Webuye, maji meupe yanayoanguka nyuma ya maharusi huidanganya kamera iamini kwamba mwanga ni mwingi mno, ikawafanya maharusi weusi kama vivuli. Hapo kamera kubwa hudanganyika sawasawa na simu.

Hema linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndimo harusi zetu zinamoishi kwa saa nyingi zaidi. Chukulia meza kuu iliyowekwa ndani kabisa ya hema lililopambwa kwa vitambaa vya zambarau. Jua la saa nane linapita kwenye turubai na vitambaa hivyo, kwa hiyo mwanga unaomfikia bibi harusi kutoka juu ni wa zambarau. Kutoka mbele, upande uliofunguliwa, unaingia mwanga mweupe wa nje ulioakisiwa na nyasi, wenye ukijani kidogo. Uso wake sasa una rangi mbili, zambarau kwenye paji na ukijani kidevuni. Kamera za kidijitali huweza kusahihisha rangi, lakini husahihisha moja kwa picha nzima. Ikiiondoa zambarau, kijani huzidi. Mpiga picha mwenye kamera ghali atatumia saa nyingi kwenye kompyuta akijaribu kuzitenganisha rangi hizo, na ndiyo sababu mojawapo ya albamu kuchukua miezi kufika. Ndugu aliyefika mapema, hema likipambwa, anaweza kuomba vitambaa vya juu viwe vyeupe na rangi ya harusi ibaki kwenye nguzo na vitambaa vya meza. Anaweza pia kuomba meza kuu isogezwe mita mbili tatu kuelekea ukingo ulio wazi. Ombi kama hilo halina gharama yoyote, na likikubaliwa, picha zote za siku hiyo, za simu na za kamera, zimeokoka.

Nitajibiwa kwamba mpiga picha mzoefu anayajua yote niliyoyaeleza. Ni kweli, wapo wanaoyajua, Kitale wapo na Bungoma wapo, na ninawaheshimu. Lakini mtu anayenijibu hivyo amekwisha kuiacha hoja yake ya awali. Alianza kwa kusema kwamba picha nzuri hutokana na kamera, sasa anasema hutokana na maarifa. Tukikubaliana hapo, swali linageuka: maarifa haya ni magumu kiasi gani, na yamefungiwa kwa nani? Mengi yake mtu anaweza kujifunza kwa kutazama mwanga ukibadilika ukutani mwa nyumba yake kwa wiki moja, na kwa kupiga picha nyuso za watu wa nyumbani saa mbalimbali za siku. Mazoezi hayo hayana ada. Kamati ingekuwa inauliza maarifa, ingemtaka kila mgombea, wa kamera na wa simu, alete picha alizopiga saa nane mchana ndani ya hema, na ingeshangaa ni nani anayeshinda.

Kuna jambo jingine ambalo imani ya kamera kubwa hulifunika, nalo ni ngozi yetu. Kila kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba mbele yake pana vitu vya wastani, si vyeupe sana wala si vyeusi sana. Harusi haina wastani huo. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi na kupunguza, na uso mweusi wa bibi harusi huzama gizani. Suti nyeusi zikijaa, kamera huongeza mwanga, gauni likaungua hata lesi isionekane. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na mtafiti Lorna Roth wa Canada ameonyesha jinsi ngozi nyeusi ilivyoachwa nje ya hesabu hiyo. Miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu zake ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani, walioona rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Katika enzi ya kidijitali mambo yamebadilika, na kwa sehemu kubwa yamebadilikia kwenye simu. Tecno, ambayo simu zake zimejaa madukani kote huku, ilijijengea jina Afrika kwa kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na Google ilileta marekebisho ya aina hiyo kwenye simu zake za Pixel mwaka 2021. Simu za sasa pia hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha ili weupe wa gauni na weusi wa suti vionekane pamoja. Kamera kubwa iliyoachwa ijipangie yenyewe kwa kawaida haifanyi hivyo. Inahitaji mtu anayejua kuiongoza, na wengi wanaoibeba harusini huiacha ijipangie. Mwenye simu naye ana la kufanya: aguse uso wa bibi harusi kwenye kioo, asubiri, kisha atelezeshe kidole kuongeza au kupunguza mwanga mpaka ngozi na lesi vyote vionekane. Ni kazi ya nukta chache, na mtu akiizoea hataiacha.

Sidai kwamba vyombo vyote ni sawa. Fizikia haibembelezeki. Kihisi cha kamera kubwa ya kitaalamu kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, yaani milimita za mraba 864 za kupokea mwanga, na kihisi cha simu nyingi za bei ya kati hakifiki hata sehemu ya kumi ya eneo hilo. Gizani tofauti hiyo huonekana waziwazi. Kanisani kwenye madirisha madogo, au usiku baada ya keki, simu italeta chembechembe na nyuso zilizofifia pale ambapo kamera kubwa iliyo mikononi mwa anayeijua italeta picha safi. Vivyo hivyo kwa kuvuta kutoka mbali: simu nyingi zikivuta hukata tu kipande cha picha na kukikuza, kwa hiyo anayetumia simu lazima avute kwa miguu yake. Hayo nayakubali bila masharti. Ninachokataa ni kuyapanua mpaka yafunike siku nzima. Sehemu kubwa ya harusi za huku hufanyika mchana, nje au kando ya nje, kwenye mwanga mwingi ajabu, na kwenye mwanga wa namna hiyo kihisi kidogo kinatosha. Hata hoja ya ukubwa wa picha haisimami. Picha ya megapikseli 12, ambayo simu nyingi zimekuwa zikiitoa kwa miaka, ina pikseli 4000 kwa 3000, na ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inajaza karatasi ya inchi 13 kwa 10. Ukurasa wa albamu ya kawaida haufiki hapo.

Historia ya upigaji picha Afrika inaniunga mkono. Mwaka 1935, huko Bamako, kijana fundi seremala aliyeitwa Seydou Keïta aliletewa na jamaa yake kamera ya Kodak Brownie kutoka Senegal, kamera ya aina iliyobuniwa mwaka 1900 ili hata mtoto aweze kuitumia. Alianza kwa kuwapiga picha watu wa nyumbani kwao. Mwaka 1948 alifungua studio yake, akatumia zaidi mwanga wa mchana uani mwake, akatundika shuka la kitandani nyuma ya wateja, na kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Picha hizo zilionyeshwa Paris mwaka 1994, na leo ziko katika makumbusho makubwa ya dunia. Pwani yetu yupo Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza mwenyewe na akaacha studio ambayo watafiti bado wanaandika kuihusu. Najua kwamba wote wawili walikuja kuwa wapiga picha wa kazi, na mtu anaweza kunikumbusha hilo akidhani amenishika. Nawataja kwa sababu ya kile walichokuwa nacho: mwanga wa jua, kitambaa, uvumilivu na ujuzi wa jinsi watu wa mji wao walivyopenda kuonekana. Simu iliyo mfukoni mwa binamu wa bibi harusi ina uwezo wa kiufundi ambao Keïta hakuwahi kuuota.

Nimelitaja neno ujuzi wa watu, na hapa ndipo hoja yangu inapolala hasa. Harusi ya kwetu ni mkutano wa koo mbili, na thamani ya picha zake miaka thelathini baadaye hupimwa kwa nani amo ndani yake. Katika harusi ya Kibukusu, khocha, mjomba wa bibi harusi, ana nafasi yake na haki yake katika mahari. Senge, shangazi, ndiye aliyemfunda binti na ndiye anayemjua kuliko wageni wote waliopo. Kukhu, nyanya, ameletwa kutoka Chwele kwa pikipiki, anaketi pembeni kwenye kiti cha plastiki karibu na jikoni kwa sababu hapendi kelele za spika. Mpiga picha aliyetoka Eldoret asubuhi hiyo hamjui hata mmoja wao. Anafuata sare: bibi harusi, bwana harusi, wasimamizi, wasichana waliovaa rangi moja. Anapiga pete, viatu, keki na pindo la gauni, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojaza ukurasa wake wa Instagram na kumletea wateja wengine, na simlaumu. Kisha albamu inarudi, picha ni safi, na kukhu hayumo. Mwaka unaofuata anafariki, na familia inayotafuta picha ya kuweka kwenye tangazo la mazishi inaambulia iliyokatwa kutoka kitambulisho. Binamu mwenye simu anajua kwamba mwanamke yule aliye karibu na jikoni ndiye mwenye harusi. Anajua pia nani hawezi kupangwa karibu na nani, yupi ni mama mkubwa na yupi mama mdogo katika nyumba ya mzee mwenye wake wawili, na ni baba yupi asiyependa kuitwa mbele ya watu lakini atakubali akifuatwa polepole alipoketi. Mtaalamu mgeni atahitaji mtu wa kumnong'oneza yote hayo, na kwa kawaida mtu huyo hayupo.

Kitale jambo hili lina uzito zaidi. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru mashamba hayo yaligawanywa na kununuliwa na watu kutoka kila upande, hata leo Mbukusu, Msabaoti, Mpokot, Mturkana, Mkikuyu na Mkisii ni majirani. Harusi za mji huu mara nyingi huunganisha familia zenye taratibu tofauti kabisa za nani husalimiwa kwanza, nani huzungumza kwa niaba ya nani, na zawadi ipi ina maana kuliko bei yake. Blanketi likivishwa mabegani mwa mzee, dakika ile haitarudiwa. Anayelijua tukio hujongea mapema, akasimama upande ambao uso wa mzee utaonekana, akasubiri. Asiyelijua hufika wakati blanketi limekwisha kuvishwa na watu wanapiga makofi, na anachopata ni migongo. Ngoma nazo ziko hivyo. Mtu aliyekulia kwenye kamabeka, ngoma ya Kibukusu ya kutikisa mabega, anajua mabega yatapanda lini, kwa kuwa anausikia mdundo kabla haujafika. Anabonyeza kwa wakati wake, akiwa upande wa jua ili simu ipate mwanga wa kutosha kuugandisha mtikisiko. Huwezi kukodi sikio la namna hiyo kutoka mji mwingine.

Pingamizi zito zaidi dhidi yangu linatoka kanisani. Wachungaji na mapadri wengi wamechoka na simu, na wana haki. Maharusi wanapoingia, mikono hamsini huinuka kwenye njia ya katikati, mtu anasimama mbele ya wazazi, mwingine anawasha flashi machoni mwa mhubiri, na kila mmoja anaondoka na picha mbovu ya simu za wengine. Kwa sababu hiyo imezuka desturi ya mshereheshaji kutangaza kwamba simu zote ziwekwe mifukoni na kazi aachiwe mtaalamu. Naiunga mkono nusu ya kwanza ya tangazo hilo. Vurugu ile haina uhusiano na ninachokitetea. Ninatetea ndugu wawili walioteuliwa na kamati, mmoja kila upande, wanaojulikana kwa mchungaji kabla ya ibada, waliokwisha kuambiwa wasimame wapi na wasipite wapi, simu zikiwa zimezimwa sauti na flashi. Flashi ya simu haifai kitu zaidi ya mita mbili tatu hata hivyo. Wengine wote wakae waimbe. Utaratibu huu una nidhamu kuliko ule wa kuwaachia watu watano wa kukodiwa, wa picha na wa video, wazunguke madhabahuni kana kwamba ibada imeandaliwa kwa ajili yao, jambo tunalolivumilia kila Jumamosi kwa sababu tu kamera zao ni kubwa.

Husemwa pia kwamba ndugu hawezi kutegemewa: atakula, atacheza, atapiga gumzo, na simu itaisha chaji wakati keki inakatwa. Hatari hiyo ipo, na huondolewa kwa kumpa kazi rasmi badala ya kumwambia "utusaidie na picha". Apewe orodha ya majina iliyoandikwa na wazee wa pande zote mbili, na kila jina lifutwe likipigwa picha. Apewe betri ya akiba, na chakula chake kiwekwe kando. Kabla ya kila kipindi afute lenzi kwa kitambaa safi, kwa kuwa mafuta ya kidole kilichoshika chapati yanatosha kutia ukungu kwenye picha mia. Picha za makundi azipige akiwa amerudi nyuma hatua kadhaa, maana lenzi ya simu ni pana na huwanenepesha waliosimama pembeni, na kila kundi alipige mara nne au tano kwa kuwa lazima yuko atakayefumba macho. Jioni ile ile picha zinakiliwa mahali pawili kabla ya mtu yeyote kwenda kulala. Zisisambazwe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani huzipunguza ukubwa kiasi cha kutofaa kuchapishwa. Zikitumwa kama faili hubaki zilivyo. Siku chache baadaye zipunguzwe: picha mia moja na hamsini zilizochaguliwa zina faida kuliko elfu mbili zisizofunguliwa na mtu.

Linabaki suala la riziki za wapiga picha wa miji yetu, na nalichukua kwa uzito, kwa sababu vijana wengi wa Bungoma na Kitale wanaishi kwa kazi hiyo na wameinunulia vifaa kwa mikopo. Lakini familia inayoshindwa kumlipa haikuwa mteja wake tangu mwanzo, na kuitia aibu hakumwongezei shilingi. Familia inayoweza ingefanya vyema kumkodi kwa kile ambacho kwa hakika anacho na wengine hawana: saa mbili za kanisani kwenye mwanga hafifu, na saa moja au mbili za usiku. Alipwe vizuri kwa saa hizo badala ya kulipwa kidogo kidogo kwa kutwa nzima ya kuzunguka hemani akisubiri maagizo. Kabla ya kumchagua, kamati imtake aonyeshe harusi moja nzima aliyoipiga, kutoka asubuhi hadi usiku, badala ya picha kumi alizozichagua mwenyewe katika harusi kumi, na itazame nyuso kwanza. Mwenye ujuzi atapita mtihani huo hata akija na kamera ya zamani. Fedha inayobaki iende kwenye kuchapisha, albamu moja kwa wazazi wa bibi harusi na nyingine kwa wazazi wa bwana harusi, kwa kuwa simu hupotea, huibiwa na huanguka majini. Na katika albamu hizo mbili, picha za khocha, za senge na za kukhu karibu zote zitakuwa zimetoka kwa wale ndugu wawili wenye simu.